Newala: mji wa ukingoni, maji yakipanda na korosho zikishuka

Newala iko ukingoni kabisa mwa uwanda wa Makonde, upande wa kusini-magharibi, mahali ambapo ardhi inakatika ghafla na kuporomoka hadi bonde la Ruvuma. Kutoka Mtwara mjini ni mwendo wa takriban kilomita 140, na karibu njia yote ni kupanda, ingawa kupanda kwenyewe ni kwa polepole kiasi kwamba msafiri haoni mlima wowote mbele yake. Minazi ya Mikindani na Msangamkuu inabaki nyuma, mikorosho inashika pande zote mbili za barabara, na baada ya Tandahimba hewa inaanza kubadilika. Mji wenyewe uko zaidi ya mita 700 juu ya usawa wa bahari. Jioni za Juni na Julai upepo wa baridi hupiga kutoka bondeni na watu hutoka na makoti, jambo ambalo mtu aliyezoea joto la Shangani au Chikongola kule Mtwara mjini hulishangaa kila anapopanda.

Ni mji mdogo. Una boma la serikali, hospitali, soko, stendi, misikiti na makanisa, maghala makubwa ya korosho, na maduka ambayo nusu ya mwaka huuza kwa taabu na nusu nyingine huuza mpaka usiku. Kata za Luchingu, Mcholi, Makote, Mtonya na Mkunya zina mtaa wenye umeme na lami upande mmoja, na upande wa pili shamba la muhogo na mbaazi. Nyuma ya nyumba nyingi kuna mkorosho. Sensa ya 2012 ilihesabu watu 205,492 katika wilaya nzima, na wengi wao wanaishi kwa jembe. Hata mwalimu, muuguzi na fundi cherehani wa pale mjini ana mikorosho yake mahali fulani, ya kununua au ya urithi.

Kinachoutofautisha mji huu na miji mingine ya wakulima nchini ni maji. Uwanda wa Makonde umeumbwa kwa miamba ya mchanga na udongo wa rangi ya kutu unaopitisha maji kwa urahisi. Mvua hainyimi: kwa wastani hunyesha kama milimita 1,000 kwa mwaka, katika msimu mmoja unaoanza kati ya Novemba na Desemba hadi Aprili. Lakini haikai juu. Hakuna mto unaotiririka uwandani, wala ziwa, na kisima cha kuchimba kwa mkono hakifiki popote. Mvua huzama mchangani, hushuka mpaka tabaka za chini, kisha hutokeza kama chemchemi kwenye miteremko na katika mabonde yanayouzunguka uwanda huo. Kwa vizazi vingi mwanamke wa Newala alishuka gengeni na mtungi mtupu, akapanda nao umejaa. Safari moja ilikula nusu ya siku, na katika miezi ya kiangazi kabla ya mvua za Desemba ilianza kabla ya jua kuchomoza.

Mtu anaweza kuuliza kwa nini watu walijenga mahali pasipo na maji, ilhali bonde la Ruvuma linaonekana pale chini, limejaa unyevu na rutuba. Jibu liko katika karne ya 19. Njia za misafara ya watumwa zilitoka Ziwa Nyasa zikielekea Kilwa, Lindi na Mikindani, na nchi tambarare za chini zilikuwa uwanja wa kuwindia watu. Baadaye vikaja vita vya uvamizi vya Wangoni, ambao huku kusini waliitwa Magwangwara. Juu ya uwanda kulikuwa na vichaka vilivyosongamana, vyenye miiba na njia nyembamba ambazo mgeni hazijui. Kundi la wavamizi lililozoea kushambulia kwa safu halikuweza kupita humo likiwa kundi, na hata likipita halikupata maji ya kunywa. Kiu ndiyo iliyokuwa ukuta wa Wamakonde. Walikubali gharama ya kutembea na mitungi ili wasitembee na minyororo, na si haki kuuona uamuzi huo kama ukosefu wa akili ya kuchagua makazi, kama ilivyowahi kudhaniwa na wageni waliofika baadaye.

Jamii iliyokua ndani ya vichaka hivyo haikuwa na mfalme. Kila eneo dogo lilikuwa na kiongozi wake, mkulungwa, aliyetokana na ukoo wa kwanza kufyeka pale. Ukoo ulifuata upande wa mama, na neno la mjomba lilikuwa zito kuliko la baba katika mambo ya ndoa, mali na watoto. Watawala wa kikoloni walipokuja wakitafuta chifu mkuu wa kuzungumza naye hawakumpata, na mfumo wao wa maliwali na majumbe uliwekwa juu ya watu ambao hawakuwa wamewahi kuwa na kitu cha namna hiyo. Msomi wa Kimarekani J. Gus Liebenow, aliyefanya utafiti wake miongoni mwa Wamakonde wa Newala, aliandika kitabu kizima kuhusu jambo hilo, kilichotoka mwaka 1971.

Hata hivyo, Newala haikuwa ya Wamakonde peke yao. Wayao na Wamakua walikuwapo tangu zamani, na mtu aliyeujulisha mji huu kwa wageni alikuwa Myao, mtawala aliyeitwa Matola. Mwaka 1876 Askofu Edward Steere wa misheni ya Kiingereza iliyokuwa na makao Zanzibar alileta kundi la watumwa waliokombolewa na kuwaweka Masasi. Miaka sita baadaye, mwaka 1882, Magwangwara waliivamia Masasi, wakaua na kuteka watu, na wamisionari wakiongozwa na Chauncy Maples wakahamishia shughuli zao Newala, karibu na Matola. Ukingo uleule uliowaficha wenyeji ukawaficha na wao. Katika nchi hiyohiyo, huko Chitangali, alihudumu Cecil Majaliwa, ambaye mwaka 1890 akawa Mwafrika wa kwanza wa misheni hiyo kupewa daraja la upadri. Uislamu nao ulipanda kutoka pwani pamoja na biashara, ukaenea kwa kasi zaidi mwanzoni mwa karne ya 20 kupitia masheikh wa tarika. Leo Waislamu ndio wengi, na familia zenye watu wa dini zote mbili si jambo la kutajwa kwa mshangao.

Wajerumani walijenga boma lao Newala. Mwaka 1906, vita vya Majimaji vikiwa ndiyo kwanza vinazimika, mtafiti wa Kijerumani Karl Weule alikaa hapa kwa muda na kinasa sauti chake na kamera, akarekodi ngoma, akachora zana na kuandika habari za jando na unyago. Kitabu chake kilichapwa mwaka 1908. Kina jicho la mkoloni na hukumu zake, na kinapaswa kusomwa kwa tahadhari, lakini kwa mtu anayetaka kujua mtungi, kitanda au mlango wa nyumba ya Mmakonde wa wakati huo ulifananaje, ni hazina ambayo shule za Newala zenyewe zingestahili kuwa nayo.

Miaka kumi baadaye maji yaliamua vita. Ureno iliingia katika Vita Kuu ya Kwanza mwaka 1916, na majeshi yake yakavuka Ruvuma kutoka Msumbiji mwezi Septemba. Oktoba walikuwa wameshika boma la Newala. Wajerumani hawakuhitaji kulivunja. Novemba waliteka sehemu ya chini ya mteremko ambako ngome ilichota maji, wakaizingira, na kwa siku chache tu askari waliokuwa ndani walikuwa na bunduki lakini hawana cha kunywa. Usiku mmoja mwishoni mwa mwezi huo walitoka kimyakimya na kurudi ng'ambo ya mto. Wapagazi wa Kiafrika, waliobeba risasi na chakula vya pande zote mbili, walikufa kwa maelfu katika kampeni ile ya Ruvuma kwa homa, njaa na kuhara, na mji huu hauna jiwe lolote linalowataja kwa ukubwa unaowastahili.

Mpango wa kwanza wa kupandisha maji kwa mashine ulikuja mwaka 1954, lilipoundwa Shirika la Maji Makonde. Chanzo chake kikuu kilikuwa bonde la Kitangari, kwenye visima vya Mitema, ambako maji yaliyozama uwandani hukusanyika kwa wingi. Pampu ziliyasukuma kupanda mteremko hadi kwenye matangi, na kutoka hapo mabomba yaliyagawa vijijini, ambako yaliuzwa kwa debe. Kwa wakati wake ulikuwa mradi wa aina ya pekee nchini, na athari yake ilikuwa kubwa kuliko mabomba yenyewe. Saa ambazo wanawake walizitumia gengeni zilihamia shambani. Si bahati kwamba miaka iliyofuata ndiyo mikorosho ilipandwa kwa wingi uwandani.

Ugumu wa mradi huo haujabadilika tangu siku ya kwanza, kwa sababu unatokana na mwinuko. Kila lita inayonywewa Newala lazima inyanyuliwe mamia ya mita, na kunyanyua kunataka dizeli au umeme, na dizeli na umeme vinataka fedha. Mashine zilipochoka, au bili ya umeme ilipozidi makusanyo, bomba lilikauka, na bei ya ndoo kwa wachuuzi wa baiskeli na pikipiki ikapanda papo hapo. Kuanzia mwaka 1972 Finland ilifadhili kazi kubwa ya maji katika mikoa ya Mtwara na Lindi, na visima vingi vya pampu za mkono vya nchi za chini ni matunda ya kazi hiyo. Juu ya uwanda, pampu ya mkono haikuwa na msaada mkubwa. Juni 2022 serikali ilitia saini mikataba ya mradi wa maji wa miji 28, kwa mkopo wa dola milioni 500 kutoka Exim Bank ya India, na eneo la Makonde, maana yake Newala, Tandahimba na Nanyamba, likawemo.

Wenyeji hawakungoja serikali wala wafadhili. Nyumba nyingi zenye paa la bati zina mifereji inayoelekeza mvua kwenye tangi lililochimbwa uani na kusakafiwa kwa saruji. Mwenye tangi kubwa huvuna Januari hadi Aprili na kunywa hadi Septemba au Oktoba. Mwenye dogo huanza kununua mapema. Kwa hiyo bati katika Newala lina kazi mbili, na familia inayohama kutoka paa la nyasi kwenda paa la bati imepata kisima kwa siku hiyohiyo. Mtu asiyejua hilo hawezi kuelewa kwa nini fedha ya kwanza ya korosho hukimbilia dukani kununua mabati.

Mkorosho asili yake ni Brazili. Wareno waliuleta pwani ya Afrika Mashariki katika karne ya 16, na kwa miaka mingi ulibaki mti wa porini na wa kivuli, wenye bibo la kula na kutengenezea uraka. Biashara kubwa ya korosho ilikuja katikati ya karne ya 20, soko la India lilipohitaji korosho ghafi kwa ajili ya viwanda vyake vya kubangulia vya Kollam. Udongo wa Newala, wenye mchanga na kina kirefu, ulikuwa kama uliotengwa kwa mti huu: mizizi huenda mbali chini kufuata unyevu ambao mahindi hayawezi kuufikia. Msimu wa 1973/74 Tanzania ilivuna takriban tani 145,000 na kuwa miongoni mwa wazalishaji wakubwa duniani, na uwanda wa Makonde ulikuwa moyo wa zao hilo.

Kisha zao likaanguka, na kuanguka kwenyewe kulikuwa kwa kutisha. Operesheni ya vijiji ya miaka ya 1970 iliwahamisha watu kutoka kwenye mashamba yao yaliyotawanyika na kuwakusanya kando ya barabara. Mkorosho hauhamishiki. Shamba lililokuwa nyuma ya nyumba likawa mwendo wa saa mbili, magugu yakaota, moto wa kiangazi ukapita, na korosho zilizodondoka ziliokotwa na mwingine au zikaoza. Bei ya mkulima nayo ilibanwa, akawa anapata sehemu ndogo tu ya thamani ya zao lake sokoni. Juu ya hayo ukaja ubwiri unga, ugonjwa wa ukungu unaofunika maua na machipukizi kwa vumbi jeupe na kuyanyausha kabla ya kufunga tunda. Msimu wa 1986/87 nchi nzima ilipata tani zipatazo 16,500 tu. Katika muda wa miaka 13, karibu tisa ya kila magunia kumi yalikuwa yametoweka.

Kurudi kwake kulianzia Naliendele, kituo cha utafiti wa kilimo kilicho kilomita chache nje ya Mtwara mjini. Watafiti wa pale walithibitisha kwamba salfa ya unga, ikipulizwa kwa wakati wake maua yanapochipuka, huzuia ubwiri unga. Walichagua pia mikorosho bora na kuisambaza kwa miche ya kubebesha, na kuwafundisha wakulima kupunguza miti iliyosongamana. Kuanzia hapo kalenda ya Newala ikapata msimu mpya. Kati ya Mei na Agosti, alfajiri kabla upepo haujaamka, mlio wa mabomba ya kupulizia dawa husikika kutoka shamba hadi shamba na ukungu wa njano hutanda juu ya miti. Kazi hiyo hufanywa na vijana wa kukodishwa, mara nyingi bila kinga ya kutosha ya macho na pumzi, na mabadiliko ya karibuni ya kutoa viuatilifu kwa ruzuku yameongeza mavuno bila kutilia mkazo wa kutosha afya ya anayebeba bomba mgongoni.

Maua yakifunga, kazi inayofuata ni ya kuinama. Korosho haichumwi, huachwa ikomae na kudondoka pamoja na bibo lake, kisha huokotwa, hutenganishwa na huanikwa juani hadi ikauke. Kuanzia Septemba hadi Desemba familia nzima iko chini ya miti kila asubuhi. Korosho zilizokauka hupelekwa chama cha msingi, zinapimwa, zinapangwa kwa madaraja, zinatiwa kwenye magunia na kupelekwa ghala kuu. Mkulima anabaki na stakabadhi. Mfumo huu wa stakabadhi ghalani ulitungiwa sheria mwaka 2005 na kuanza kutumika kwa korosho mkoani Mtwara msimu wa 2007/08. Kwa Newala na Tandahimba chama kikuu ni TANECU, ambacho hukusanya korosho za vyama vya msingi na kuziuza kwa mnada.

Mnada wa TANECU ulikuwa, kwa miaka mingi, tukio la hadhara ambalo halina mfano katika mazao mengine ya nchi. Zabuni za wanunuzi zilifunguliwa mbele ya wakulima, bei zikasomwa moja moja kwa sauti, na wakulima wenyewe wakajibu kama wanauza au hawauzi. Mwishoni mwa Oktoba 2018 walijibu hawauzi. Msimu uliotangulia nchi ilikuwa imevuna zaidi ya tani 313,000 na bei ilikuwa imevuka shilingi 4,000 kwa kilo. Sasa wanunuzi walileta zabuni za chini ya shilingi 2,800, nyingine za shilingi 1,900. Kukataa huko kwa wakulima wa Newala na Tandahimba kulifika Ikulu. Novemba, Rais John Magufuli alitangaza kwamba serikali ingenunua korosho zote kwa shilingi 3,300 kwa kilo, na malori ya jeshi yakapanda uwandani kuzibeba. Wengi walilipwa, wengine walisubiri uhakiki wa mashamba kwa miezi, na msimu uliofuata wa kupulizia dawa uliwakuta hawana fedha ya salfa. Somo la mwaka ule linazungumzwa Newala hadi leo kwa hisia mbili zisizopatana: fahari ya kukataa bei ya dharau, na uchungu wa kusubiri.

Hatua ya karibuni ni kuhamishia mnada kwenye mfumo wa kielektroniki wa Soko la Bidhaa Tanzania. Mnada wa kwanza wa TANECU wa Oktoba 2024 ulirudisha bei juu ya shilingi 4,000, na msimu huo wa 2024/25 nchi ikavuna zaidi ya tani 520,000, kiasi ambacho hakikuwahi kufikiwa. Mfumo mpya umepunguza mwanya wa wanunuzi kupanga bei pamoja. Hata hivyo haujagusa ugonjwa wa zamani wa uwanda huu, yaani kangomba. Mkulima ambaye watoto wanadaiwa ada mwezi Julai, au ambaye ana mgonjwa, huuza korosho zake zikiwa bado maua, kwa bei ambayo mara nyingi haifiki nusu ya bei ya mnada. Sheria inakataza, na kila msimu viongozi huonya. Lakini kangomba ni mkopo kabla ya kuwa wizi, na itaendelea kuwapo mpaka mkulima apate mahali pengine pa kukopa mwezi wa Julai.

Magazeti na mitandao ya Dar es Salaam huipenda Newala katika mwezi mmoja tu, ule wa malipo, na hasa kwa vioja: mbuzi aliyenyweshwa soda, kijana aliyenunua pikipiki tatu. Mambo ya namna hiyo huenda yalitokea mahali fulani. Yanayotokea kila mahali hayaandikwi: paa lililobadilishwa, tangi lililosakafiwa, ada ya sekondari iliyolipwa ya mwaka mzima, jando na unyago wa watoto wa ukoo uliokuwa umeahirishwa kwa miaka miwili. Likizo ya Desemba ndiyo wakati wa sherehe hizo sasa, kwa kuwa shule zimefungwa na mfukoni kuna kitu. Ngoma za sindimba huchezwa, ndugu hupanda kutoka Mtwara na Dar es Salaam, na mjomba aliyekuwa hana neno mwaka mzima hurudi katika nafasi yake ya kuamua.

Sehemu kubwa ya thamani ya korosho, lakini, haijawahi kubaki Newala. Kilo nne hadi tano za korosho ghafi hutoa kilo moja ya karanga zake nyeupe, na kazi ya kuzipata ndiyo yenye ajira: kukaanga au kuchemsha, kubangua, kumenya ngozi ya ndani, kupanga kwa ukubwa na rangi. Ganda lina mafuta makali yanayounguza ngozi, kwa hiyo si kazi ya kufanyiwa mzaha. Katika miaka ya 1970 na mwanzoni mwa miaka ya 1980 serikali, kwa mkopo wa Benki ya Dunia, ilijenga viwanda vikubwa vya kubangua kusini na pwani, na Newala ikapata viwili. Mitambo ilitoka Italia na Japani. Viwanda hivyo, ambavyo kwa jumla vilikuwa 12 nchini vikiwa na uwezo wa zaidi ya tani 100,000 kwa mwaka, kwa sehemu kubwa vilikamilika wakati ambao hakukuwa na korosho za kuvilisha. Mashine zilizopasua ganda pia zilivunja karanga, vipuri vilihitaji fedha za kigeni, na majengo mengi yaliishia kuwa maghala. Leo korosho nyingi za Newala hupakiwa ghafi, hushuka hadi bandari ya Mtwara na kwenda Vietnam na India kubanguliwa na mikono ya watu wengine. Wanawake wanaobangua nyumbani kwa karai na gongo, wakifunga robo na nusu kilo kwa ajili ya abiria wa mabasi, wanafanya kwa udogo kile ambacho mji mzima ulistahili kufanya kwa ukubwa. TANECU na wawekezaji binafsi wamerudi kwenye ubanguaji, na hilo ndilo jambo la kufuatilia Newala kuliko bei ya mnada.

Pamoja na korosho, mkulima wa hapa anaishi kwa muhogo, mtama, mahindi kiasi, kunde, njugu mawe na mbaazi, na katika miaka ya karibuni ufuta umekuwa fedha ya Juni na Julai kabla korosho hazijaanza. Muhogo ndio bima: unastahimili kiangazi, na unasubiri ardhini mpaka uhitajiwe. Tatizo ni ardhi yenyewe. Uwanda umejaa. Mikorosho mingi imezeeka, na mwenye shamba dogo anasita kuikata ili apande ya kubebesha, kwa sababu miaka mitatu ya kusubiri ni mirefu kwa mtu asiye na akiba. Mfumo wa kurithi kwa upande wa mama na mazoea mapya ya baba kuwapa wanawe mashamba aliyopanda mwenyewe vimezaa kesi nyingi katika mabaraza ya kata. Vijana wasio na sehemu hushuka bonde la Ruvuma kulima mpunga na mboga, huenda Nachingwea, Liwale na Tunduru kufyeka misitu na kupanda mikorosho mipya, au huendelea mpaka Dar es Salaam.

Ukingoni mwa mji kuna Shimo la Mungu, korongo kubwa lililokatika kwenye genge, ambalo wageni hupelekwa kulitazama. Kutoka hapo nchi ya chini inaonekana mbali sana, hadi vilima vya mawe vya Masasi na, siku isiyo na ukungu, mto na upande wa Msumbiji. Kule ng'ambo juu ya uwanda mwingine ni Mueda, na watu wake ni Wamakonde pia. Mpaka ulichorwa na Wajerumani na Wareno, lakini ndoa, matanga na masoko havikuwahi kuufuata kwa ukamilifu. Baada ya mauaji ya Mueda ya Juni 1960 na kuanza kwa vita vya ukombozi vya FRELIMO dhidi ya Wareno mwaka 1964, familia nyingi zilivuka na kupokewa upande huu na ndugu wa ukoo. Machafuko ya jimbo la Cabo Delgado, ng'ambo ya mto, yaliyoanza mwaka 2017 yamezifanya serikali kuuangalia mto kwa jicho la ulinzi, na safari za kwenda na kurudi zimekuwa ngumu kwa watu ambao makaburi ya babu zao yako pande zote mbili.

Linalosubiriwa sasa ni barabara. Njia ya Mtwara, Tandahimba, Newala hadi Masasi ina urefu wa kilomita 210. Kipande cha kwanza cha kilomita 50, kutoka Mtwara hadi Mnivata, kilipata lami kwanza. Kilomita 160 zilizobaki zinajengwa kwa fedha za Benki ya Maendeleo ya Afrika pamoja na za serikali. Katika mchanga wa uwanda, lori la korosho lililokwama wakati wa mvua za Desemba lilikuwa likiziba njia kwa siku nzima, na mama mjamzito aliyepewa rufaa kwenda hospitali ya mkoa Ligula alipita mchanga uleule. Lami itafupisha safari zote mbili. Itafanya pia iwe rahisi zaidi kuzishusha korosho zikiwa ghafi, na rahisi vilevile kupandisha mitambo ya kuzibangua. Lipi kati ya hayo mawili litatangulia linategemea vyama vya msingi, TANECU na halmashauri mbili, ya mji na ya wilaya, ambazo ushuru wa korosho ndio tegemeo kubwa la makusanyo yao ya ndani.